Jinsi ya kupanga bustani ya sanamu yenye sura ya Ugogo

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo. Mimi ni fundi wa mawe na zege. Nimekulia Manchali nikichunga mbuzi, na sasa naishi Ntyuka, kusini mwa mji wa Dodoma, nyumba yangu ikiwa imeegemea miamba. Kazi yangu ya kila siku ni misingi, matangi na kuta za watu. Katikati ya kazi hizo nimetengeneza bustani nne za sanamu. Ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja muuguzi mstaafu, aliyenipa kiwanja cha mita 20 kwa 30 na maneno haya tu: "Mwanangu, nataka nikikaa kibarazani nione kwetu." Kwao ni Mvumi. Bustani hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitaieleza hiyo.

Wengi wakinipigia simu huanza na orodha: simba mmoja, twiga wawili, tembo mmoja mlangoni. Siwakatalii, ila nawaomba tuanze na ardhi. Sanamu unaweza kuihamisha au kuivunja, lakini ukikosea kuipanga ardhi, hata sanamu nzuri itakaa kama bidhaa iliyoachwa dukani.

Tembea kabla ya kununua saruji

Chukua daftari, penseli, futikamba na fimbo ya mita moja. Nenda mahali unapotaka kupaiga. Mimi na yule mama tulikwenda Mvumi, tukashuka kwenye gari na kutembea kwa miguu kati ya mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa. Nilikuwa nimeiona nchi ile tangu utotoni, lakini sikuwa nimewahi kuipima.

Kutoka mbuyu mmoja hadi wa pili nilihesabu hatua 64, kama mita 45. Kisha nikasubiri kivuli cha fimbo yangu kifike mita moja sawasawa na fimbo yenyewe, nikakimbia kupima kivuli cha mbuyu. Wakati huo kivuli cha kila kitu kinalingana na urefu wake, kwa hiyo huhitaji kupanda wala kukisia. Mbuyu ulikuwa na mita 12. Maana yake, nafasi kati ya mti na mti ilikuwa karibu mara nne ya kimo cha mti. Katikati hapakuwa na kitu isipokuwa mabua na kinjia cha ng'ombe. Niliandika daftarini: uwazi huu ndio unaoufanya mbuyu uonekane mkubwa.

Toka siku ile nafuata kipimo hicho. Sanamu ya kimo cha mita 1.2 inayosimama peke yake naiachia kama mita 4 na nusu pande zote bila kitu kingine cha kusimama. Mwenye kiwanja ataona unampotezea eneo. Mpeleke akasimame porini, ataelewa.

Majabali ni kinyume cha mibuyu. Hayo hayakai mbalimbali, yanakaa kwa ukoo: moja kubwa, wadogo zake wanne au watano, halafu vipande na changarawe miguuni. Sababu yake inafaa uijue, kwa kuwa ndiyo itakayokuongoza kupanga mawe. Miamba ya matale (granaiti) ya katikati ya Tanzania ni ya kale mno, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipokuwa bado chini ya udongo ilipasuka kwa mistari, maji yakapenya kwenye nyufa, na pembe zikaoza kwanza kwa kuwa zilishambuliwa kutoka pande mbili au tatu kwa pamoja. Baadaye udongo ukachukuliwa na mvua, yakabaki mawe ya mviringo yaliyopandana. Kwa hiyo rundo zima ni jiwe moja lililogawanyika. Ukitazama kwa makini utaona ufa wa jiwe la juu unaendelea kwenye jiwe la chini. Kama mawe yako umeyamwaga tu, kila moja limeelekea kwake, hata mtoto atahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kukitaja.

Ukiwa na siku ya ziada, panda barabara ya Kondoa hadi Kolo, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Watu warefu wembamba, wanyama, rangi nyekundu ya udongo. Mimi nilichokaa kukitazama kwa saa nzima ni mahali wachoraji walipochagua: chini ya jiwe lililojitokeza mbele kama paa, ambako mvua haifiki na jua halikai mchana kutwa. Ndiyo maana tunaiona leo. Kazi yako laini kuliko zote, nayo uiwekee jiwe la kuifunika. Lakini Kolo hatuchukui hata kokoto, na usikubali mtu aimwagie michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Yameshafanyika, na yanaiharibu.

Chagua kitu kimoja

Ukirudi utakuwa na daftari limejaa: korongo la mchanga, vichuguu, mibuyu, majabali, nyumba za tembe, zile za paa bapa la udongo. Utataka vyote. Kiwanja cha nyumbani hakivibebi vyote. Chagua kimoja kiwe mwenyeji, vingine vije kama wageni, viwili au vitatu basi. Kwa yule mama tulichagua korongo. Mvumi aliyoikumbuka ilikuwa ya watoto kufukua mchanga wa korongo kiangazi kutafuta maji, kwa hiyo korongo likawa uti wa mgongo wa bustani, likianzia kona ya juu na kupinda mara mbili hadi chini ya mkwaju. Sanamu zote zikasimama kwenye kingo zake.

Soma maji na jua

Dodoma hupata mvua ya kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Ikija inakuja kwa nguvu. Waliokulia huku wanajua ardhi ya Kondoa ilivyoliwa na maji hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Kwa hiyo korongo la bustani si pambo tu. Ni njia halisi ya maji, na usipoipa maji njia yatajichagulia, yakapita chini ya sanamu yako.

Kama unaweza, subiri mvua moja kubwa. Simama na mwavuli, na kila maji yanapopita chomeka vigingi. Mvua ikikatika unganisha vigingi kwa kamba, kisha mwaga majivu juu ya mstari. Hapo ndipo korongo lilipo. Huna haja ya kubuni.

Fanya na hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, kwa mvua ya milimita 500, ni lita 40,000. Hata robo ikipotea, unabaki na lita 30,000 za kuelekeza kwenye tangi na kwenye kichimbo cha mwisho wa korongo. Mji huu umezoea kusubiri maji ya bomba kwa zamu, kwa hiyo bustani inayodai mpira wa maji kila jioni ni bustani itakayokufa Septemba.

Kuhusu jua, sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Desemba linahamia kusini kidogo, karibu na utosi. Basi sanamu yenye michoro ya kuchonga uielekeze uso kaskazini. Kiangazi chote, asubuhi na jioni, jua litaupita uso huo kwa ubavu na kila mkwaruzo utatoa kivuli chake. Jua likiupiga uso moja kwa moja, michoro inalala na kupotea. Jaribu kwa kipande cha ubao uliokwaruzwa: kisimamishe saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni, ukikigeuza kidogo kidogo. Dakika kumi tu, na zinaokoa kazi ya mwezi.

Mawe

Nunua mawe kwa wachimbaji wanaofanya kazi kwenye maeneo yanayoruhusiwa, au omba yaliyong'olewa kwenye viwanja vinavyojengwa. Vilima vyetu vinaliwa vya kutosha. Nenda mwenyewe ukachague, ukaweke alama ya chokaa upande uliokuwa juu, kwa sababu upande huo una madoa ya kijivu na rangi ya jua, na upande wa chini una rangi ya udongo. Jiwe lililopinduliwa huchukua miaka mingi kuzoea.

Uzito unawadanganya watu. Jiwe la mviringo lenye upana wa mita moja lina kama tani 1.4. Lenye upana wa nusu mita halifiki kilo 200. Yaani ukipunguza upana kwa nusu, uzito unashuka mara nane. Hilo dogo vijana wanne wenye mitalimbo wanalimudu. Hilo kubwa tafuta gari lenye winchi, na usikubali mtu yeyote asimame upande wa mteremko, hata akikuambia amezoea.

Kulisimika ni kazi ya subira. Chimba shimo lenye umbo la tumbo la jiwe, kina chake kiwe theluthi ya kimo cha jiwe. Jiwe lililowekwa juu ya ardhi linaonekana limeletwa. Lililozama theluthi linaonekana limekuwapo kabla ya nyumba. Kwa yule mama, jiwe la kwanza tulilishusha mara tatu. Mara ya kwanza lilikaa sawa, lakini ufa wake ulielekea ukutani. Tukaliinua, tukaligeuza robo, nikarudi kibarazani kutazama. Bado. Kijana wangu akasema, "Fundi, jiwe ni jiwe." Nikamwita naye akae kibarazani. Tukaligeuza tena kidogo, na ufa wake ukashika mstari mmoja na ufa wa jiwe la pili lililokuwa bado juu ya magogo, mita mbili kando. Yule kijana alinyamaza, akachukua chepe akaanza kushindilia udongo bila kuambiwa.

Mianya kati ya mawe ama uizibe kabisa kwa udongo na changarawe, ama uiache mipana kiasi cha mkono na fagio kupita. Mwanya mwembamba wenye giza ni nyumba ya nyoka na nge, na watoto watacheza hapo.

Sanamu zenyewe

Mimi natumia zege na chuma chakavu. Mti nautumia ndani ya nyumba tu. Nje mchwa wa huku hawaachi kitu. Na sichongi wanyama wa kupakwa rangi. Wenye kazi hiyo wapo, ila katika bustani ya namna hii sanamu inatakiwa iwe imetoka kwenye ardhi ile ile. Kwa yule mama nilitengeneza kichuguu cha mita 1.6 chenye mdomo ulioachwa wazi juu. Nikatengeneza kiuno cha mbuyu, kipande cha shina tu, chenye makovu ya pale watu walipobandua gome kusokota kamba na mti ukajifunga jeraha na kuendelea kuishi. Nikajenga ukuta mfupi wa tembe, wa udongo uliochanganywa saruji kidogo, usiozidi kimo cha kifua, ili uwe mgongo wa nyuma kwa kiuno hicho. Na nikatengeneza ngoma ya muheme, ile wanayoibana mapajani akina mama, iliyosimama peke yake bila mpigaji.

Kwa zege: tengeneza mifupa kwa nondo za mm 8 au 10, ifunge kwa waya, ivalishe wavu wa kuku. Msingi ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Ngozi ya nje ni saruji 1 kwa mchanga 3, maji kidogo kadiri inavyowezekana, uweze kuufinya mkononi usidondoke. Chuma kikae ndani angalau sentimita 3 kutoka nje, la sivyo kutu itaivimbisha ngozi na kuibandua. Mchanga upime hivi: jaza nusu chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tope likitanda nene juu ya mchanga, uoshe au uurudishe. Mchanga wa mbuga zenye chumvi, kama upande wa Bahi, usiutumie kabisa penye chuma.

Sasa nieleze lililonipata. Kichuguu cha kwanza nilikifunika ngozi Ijumaa moja ya Septemba, saa nane mchana, upepo ukivuma ule wa vumbi. Nikamwagia maji jioni, nikaenda zangu. Jumapili nilikikuta kimejaa nyufa kama mguu wa mtu aliyetembea peku mwaka mzima. Upepo ulikuwa umenyonya maji kabla saruji haijashika. Nilikivunja chote kwa nyundo, siku mbili za kazi. Tangu hapo napaka ngozi alfajiri, nafunika kwa magunia yaliyolowa, juu yake nailoni iliyofungwa kamba, na nalowesha magunia asubuhi na jioni kwa siku saba bila kuruka hata moja. Kama huna wa kulowesha, usianze.

Rangi sipaki. Naponda udongo mwekundu wa hapo hapo kiwanjani, nauchekecha kwa kitambaa, nausugua kwenye ngozi kabla haijakauka. Vumbi la Agosti linamalizia.

Jambo moja kuhusu msingi: kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga, chimba uutoe wote chini ya sanamu na ujaze moramu iliyoshindiliwa. Udongo ule huvimba masika na kupasuka kiangazi, na sanamu itainama mwaka wa pili.

Mimea, kwa uchache

Huku nakuwa mchoyo kwa makusudi. Mkwaju kama upo usiuguse. Mshubiri na waridi la jangwani vinakaa vizuri kwenye mianya ya mawe na havidai maji. Mbegu ya mbuyu ikwaruze kwa tupa, iloweke siku nzima, panda mwanzo wa mvua, mbali na nyumba mita 10 au zaidi. Usitegemee kivuli chake wewe, panda kwa ajili ya wajukuu. Uzio wa minyaa ni mzuri na ni wa kwetu, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo vaa miwani unapoukata na uuweke mbali na njia ya watoto. Bila uzio, mbuzi watamaliza kila kitu kwa asubuhi moja.

Ardhi inayobaki iache wazi, ifagiliwe, kama uwanja wa nyumba ya bibi.

Njia

Njia yetu ni sakafu ya korongo lenyewe, mchanga mnene wa sentimita 10, na kando mawe ya kukanyaga kwa siku za mvua. Ipinde mahali ambapo sanamu inayofuata bado imejificha. Kule Kyoto, Japani, kuna bustani ya hekalu la Ryoanji yenye mawe 15, nayo yamepangwa ili popote ukaapo kwenye baraza lake, usiyaone yote kwa mara moja. Kwenye korongo letu ukiingia unaona kichuguu tu. Ukipinda mara ya kwanza, kiuno cha mbuyu na ukuta wa tembe nyuma yake. Ngoma huioni hadi umefika chini ya mkwaju, na kutoka kibarazani inaonekana nusu yake tu.

Tulichimba misingi mitano. Wa tano, pale korongo linapofikia kichimbo, niliuacha mtupu, nikamwambia mama tusubiri masika moja ipite. Mvua kubwa ya kwanza ilishuka usiku. Asubuhi alinipigia: maji yamepita yote kwenye njia yake, yametuama pale chini, na wajukuu wameshafukua mchanga. "Fundi," akasema, "pale kwenye msingi wa tano usiweke kitu. Wamepageuza kisima."